Kitambaa Kilichoziba Bomba

Mama yangu hajawahi kuielewa kazi yangu. Nikimpigia simu ananiuliza, "Na jua lote hilo, watu wa huko wanakausha nguo na stima?" Namwambia ndiyo, mama, na mimi ndiye ninayesafisha bomba la kutolea hewa ya hiyo mashine. Anacheka mpaka anakohoa. Halafu anawaambia majirani pale Nakuru kwamba mwanawe ni injinia.

Maskati ina jua la kukausha hata mawe, hilo sibishi. Lakini ina vumbi pia, na miezi ya joto hewa ya baharini inakuwa nzito, shuka unalianika asubuhi na jioni bado lina unyevu. Kanzu nyeupe ikikaa kwenye kamba saa mbili imeshabadilika rangi. Tena kuna nguo za kina mama ambazo hakuna anayetaka jirani azione. Ndiyo maana karibu kila nyumba ninayoingia ina mashine ya kukaushia, na bomba lake linatoboa ukuta kwenda nje, na bomba hilo linajaa pamba. Sisi mafundi tunaiita pamba: zile nyuzi laini zinazotoka kwenye nguo zikikauka. Zikijaa, hewa ya moto inakosa njia, na zenyewe zinashika moto upesi kuliko karatasi.

Kazi hii nimeifanya miaka saba, na kwa muda mrefu nilikuwa na majivuno nayo. Nilikuwa nashika bonge la pamba mkononi nakwambia nyumba hii ina paka, ina mtoto mchanga, baba anavaa sare, na msichana wa kazi ni mvivu. Hilo la mwisho nililisema mara nyingi kuliko yote. Lilikuwa jibu rahisi, na wenye nyumba walilipenda.

Nyumba ninayoikumbuka iko Wattaya, nyuma ya maduka ya magari. Ni familia ya Waomani wanaozungumza Kiswahili nyumbani, cha Unguja, kwa kuwa wazee wao walitoka huko. Baba mwenye nyumba alinifungulia mlango, maana fundi mwanamume haingii hivi hivi kwenye nyumba yenye wanawake peke yao, akanikabidhi kwa mkewe, kisha akaketi sebuleni na simu yake. Mama mwenye nyumba alinipeleka chumba cha kufulia akanionyesha kanzu iliyobabuka pindoni, kahawia kama chapati iliyosahauliwa.

"Ya tatu hii," akasema. "Unambie ukweli, fundi. Ni mashine au ni huyu?"

Huyu alikuwa msichana wa kazi, kijana kutoka Uganda, amesimama kando na kapu la nguo. Nilikuwa nimemsalimu kama dada, naye akaniita kaka.

"Ikiwa ni yeye, leo leo nampigia wakala amkatie tiketi arudi kwao," mama akaendelea. "Mimi n'shachoka, wallahi."

Nilichomoa kichungi, kile kiwavu kinachonasa pamba mlangoni mwa mashine. Kilikuwa kimevaa pamba nene kama blanketi. Sikuhitaji zaidi ya hapo. Nilikiinua juu ili kila mtu akione.

"Madam, hiki husafishwa kila baada ya kukausha. Hiki kina wiki nzima hakijaguswa."

"Nimekisafisha asubuhi," msichana akasema, kwa sauti ya chini.

Nikacheka. Si kwa kejeli kubwa, lakini nilicheka. Mama mwenye nyumba hakungoja. Alitoka, na muda si muda nikamsikia ukumbini akizungumza Kiarabu kwenye simu, na neno tadhkira nalijua vizuri: ndiyo tiketi. Msichana aliweka kapu chini akaanza kukunja taulo. Hakulia wala hakuniangalia.

Nikachukua vifaa vyangu nikazunguka nyuma ya nyumba, kwenye mdomo wa bomba. Kwa kawaida mimi huanzia hapo. Siku hiyo nilianzia kwenye kutoa hukumu. Nilifungua kifuniko kwa bisibisi nikaingiza brashi, ikagota. Nikadhani ni kiota, maana ndege wa huku wanapenda sana mabomba yetu. Nilipovuta kikatoka kipande cha kanga, kimekunjwa vizuri, kimeviringishwa na kufungwa kwa uzi, kizibo kilichopimwa na mtu anayejua kushona. Kilinukia udi.

Nilisimama pale juani na kitambaa mkononi, na hesabu ikajipanga yenyewe. Mdomo ukizibwa, hewa inarudi ndani. Nguo zinaungua. Pamba nayo haina pa kwenda, inarundikana kwenye kichungi, na kichungi kilichosafishwa asubuhi kinajaa kabla ya adhuhuri. Yule dada alisema kweli. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, ila hawakutaja kwamba kinaweza kuwa kichwa cha mwenzako.

"Baba, hicho kirudishe hapo hapo."

Alikuwa bibi mkongwe wa nyumba ile, mama mzazi wa yule mama mwenye nyumba, mzee mwembamba aliyejitanda buibui, ametokea mlango wa jikoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaongeza kwamba Kiswahili changu kina mawe ndani yake.

"Bibi, ni wewe uliyekiweka?"

"Mie. Nguo nnazifukiza udi kule kwenye chumba cha kufulia, nnaweka chetezo chini yake mpaka zinakolea. Kisha hiyo mashine inauvuta udi wote inautoa nje. Nlikuja hapa siku moja nkanusa. Majirani ndo wanaonukia! Sie ndani tunanuka sabuni."

Kwa kweli nilitaka kucheka tena, na safari hii kungekuwa na sababu. Lakini kule ndani kuna mtu alikuwa anakunja taulo zake za mwisho. Nikamweleza bibi taratibu: hewa, moto, kanzu tatu, na kwamba nyumba nzima ingeweza kuungua wakiwa wamelala. Halafu nikamwambia kwamba binti yake ameshapiga simu kwa wakala, na msichana anarudishwa kwao.

Bibi akakigusa kile kitambaa. "Kwa ajili ya hichi?"

"Kwa ajili ya hicho. Na kwa ajili yangu."

"Lakini yule mtoto anajua," akasema. "Ndiye alonshikia kigoda nkapanda. Nlimwambia asinene, mwanangu asije akanyang'anya chetezo. Alishataka kukichukua, tangu lile kaa lilipounguza zulia." Akageukia mlango wa jikoni. "Hakunena?"

"Hakunena, Bibi."

Akajifuta uso kwa ncha ya buibui akaingia ndani. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, nikasikia yote. Hakuzunguka zunguka. Alisema, "Nguo nimeunguza mie," akasema tena, na binti yake alipoanza kusema kitu akamwambia amuache amalize. Baadaye mama mwenye nyumba alitoka nje, akakitazama kile kitambaa mkononi mwangu, akakitambua. Alipiga simu nyingine, fupi. Kisha akamwambia msichana, "Haya, khalas, tia kahawa," na hapo ndipo mambo yalipoishia kwa upande wake.

Nilisafisha bomba lote siku ile kwa nguvu ambazo sikuhitaji. Nilipomaliza nikamkuta msichana chumba cha kufulia, nikamwambia nimekosa, anisamehe. Nilikuwa nimeandaa na maneno mengine, kwamba nimezoea, kwamba nyumba nyingi huwa ni kichungi.

"Ulisema ni mimi kabla hujafungua bomba," akasema.

Nilikuwa na aibu, na hadi leo nikiandika haya naiona. Yeye alimfichia mzee siri ya chetezo huku tiketi yake inakatwa, na mimi, mtu mzima mwenye vifaa vya kujua ukweli, nilishindwa kungoja nusu saa.

Baada ya miezi sita niliitwa tena kwa usafi wa kawaida. Chetezo sasa kilikuwa kibarazani, bibi amekubaliana na binti yake, na mdomo wa bomba ulikuwa wazi. Msichana alinifungulia chumba cha kufulia. Mlango wa chumba chake ulikuwa pembeni, umeachwa wazi kwa ajili ya upepo, nikaona kabati tupu na begi kubwa chini ya kitanda, limefungwa.

"Unasafiri, dada?" nikamuuliza. "Likizo?"

"Hapana. Nililifunga siku ile." Alikuwa anapanga sabuni rafuni, mgongo kwangu. "Natoa nguo moja, naivaa, naifua, narudisha."

"Lakini tiketi si ilifutwa?"

"Ilifutwa, kaka," akasema. "Na ilipokatwa, ilichukua muda gani?"