Ulezi wa ndege, si wa pombe

Mimi, mama wa chorale, kwaya ya kanisa, leo banazania napika pombe!

Ndege badogo ba binti yangu Furaha, benye anafuga ndani ya kitundu, bamekatala ulezi wa zamani wa hapa Baraka. Banabaki tu bamevimba manyoya. Basi nikapanda pikipiki mpaka soko ya Lweba, mugongo umekufa kabisa.

Muuzaji akanipa ulezi wenye kuanza kumea.
"Mama, huu pombe yake itakuwa kali!"
"Ni wa ndege!"
"Ee, ndege ya kuvaa suruali!"

Bamama bote kicheko. Na mama pasteri, muke wa mchungaji wetu, alikuwa pale, ananiangalia.

Nikafika nyumbani. Furaha akamwagia ndege ule ulezi:
"Mama, wa kumea ndio banapenda zaidi!"
Bakakula bote. Binti yangu ana akili, jameni!

Mwenye atakutana na mama pasteri, amuambie: balevi bangu banalala ndani ya kitundu.