Mjumbe Aliyetuomba Tutulie

Jumapili moja ya Novemba 2012, sisi Wakongo wa Durban tulikusanyika katika ukumbi wa kanisa Greyville kumpokea mjumbe wa serikali yetu. Waasi walikuwa wameshafika Munigi, nje kidogo ya Goma, na mwenye ndugu kule hakuwa amelala. Kina mama walipika fufu na sombe tangu asubuhi, kwa sababu mgeni ni mgeni hata kama umemchoka kabla hajafika. Mimi nilikuwa nimemchoka.

Nilikaa na yaya, ndivyo ninavyomwita dada yangu mkubwa, ambaye nilikuwa nasuka naye nywele kwenye saluni moja pale Point. Binti yake wa pekee alikuwa Goma na watoto wawili wadogo, karibu kabisa na mpaka wa Gisenyi, mji wa nchi jirani. Kuvuka kulikuwa kitendo cha dakika chache. Lakini kuvuka ni kukimbilia nchi ile ile ambayo sote tuliamini ndiyo inayowapa waasi silaha, na serikali ilikuwa inawaambia watu watulie majumbani, mazungumzo yanaendelea. Binti alimpigia mama yake akiuliza afanye nini. Yaya hakujua, akaniambia atamuuliza mjumbe, maana bila shaka yeye anajua huko wanazungumza nini.

Mjumbe alikuja na suti ya kijivu na Kifaransa kirefu, mpaka mchungaji alipokohoa ndipo akahamia Kiswahili. Alisema jirani ni jirani, huwezi kumhamisha. Alisema diplomasia inataka subira. Hakuitaja nchi yenyewe hata mara moja, alisema tu "nchi fulani", na watu wakatazamana.

Nilichemka pale kwenye kiti. Miaka michache kabla, serikali hiyo hiyo iliwafungulia askari wa jirani huyo mlango wakaingia kwetu kama wageni waalikwa, wabunge wenyewe wakapata habari baadaye. Tukaambiwa huo ni urafiki mpya. Sasa wakubwa walikuwa wanapanda ndege kwenda Kampala kuzungumza naye, mkutano baada ya mkutano. Asubuhi wanamshtaki mtu, jioni wanapiga naye picha wakicheka. Sikatai mazungumzo. Mimi na mama wa chumba cha pili tuligombana vibaya tukapatana, ila kwanza alikubali kwamba yeye ndiye aliyenivunjia mlango. Wakubwa wetu hawakudai hata hilo, na tulioachiwa hofu ni sisi.

Yaya akasimama, mikono ameificha ndani ya kitenge.

"Excellence, mi niko na swali moja tu. Mutoto wangu iko Goma na batoto babili. Avuke ao abakie?"

"Maman, tunaomba batu ba Goma batulie. Les discussions zinaendelea muzuri."

"Hiyo nimesikia. Avuke ao abakie?"

"Ile ni mambo ya famille, maman. Mimi naleta position ya serikali."

"Bon," yaya akasema.

Alitoa simu, akapiga, akaweka spika. Tangu asubuhi laini ilikuwa inakatika, lakini safari hii ilipokelewa. Tulisikia mtoto analia, na kwa mbali mshindo ambao hakuna aliyeuliza ni wa nini. Yaya akatembea mpaka mbele, akamnyooshea mjumbe simu juu ya meza.

"Mwambie weye mwenyewe abakie. Weye ni serikali, atakusikia."

Mjumbe aliitazama ile simu. Akamtazama mchungaji, akatazama saa yake. Mikono yake ilibaki pale pale mezani. Nilimwonea aibu, na nilimchukia, na bado nilitamani aichukue, aseme neno lolote, hata la uongo, ili nijue kuna mtu huko juu anayejua kwamba Goma inakaliwa na watu.

"Mama?" Sauti ya binti ilijaa ukumbini. "Iko nani pale?"

Yaya akairudisha simu karibu na mdomo wake.

"Hakuna mutu," alisema. "Beba batoto, vukeni."