Manjano Hafifu kwenye Etha

Asnath alikuwa mpimaji wa maabara katika hospitali ndogo ya milimani, juu ya mji wa Same. Siku zote kazi yake ilikuwa damu na makohozi, lakini kabla ya kila upasuaji aliletewa pia chupa ya etha, dawa ya majimaji anayovutishwa mgonjwa ili alale usingizi. Etha ikishafunguliwa na kupigwa na hewa na mwanga, huanza kuzaa peroksaidi, sumu isiyoonekana kwa macho. Alikuwa akimimina kidogo kwenye bomba la kioo, akatia maji yenye chumvi ya iodini, akatikisa na kuliacha kabatini gizani. Likitoka angavu, mgonjwa alilazwa. Likigeuka manjano, chupa ilimwagwa mbali na moto.

Masika ya mwaka sabini na tatu, barabara ya kupanda kutoka Same ilikatika kwa maporomoko, na dawa zikakwama bondeni. Hospitali ikabaki na chupa moja ya etha, nayo ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Ndipo wanakijiji walipomleta Raheli kwa machela. Alikuwa wifi yake Asnath, mke wa mdogo wake Eliufoo. Uchungu ulimshika kwenye shamba la ujamaa tangu jana yake, mtoto amekingama tumboni, na yeye mwenyewe alikuwa akikohoa kwa baridi. Daktari Chande alimpima, akasema hakuna njia ila kupasua.

Bomba lilipotoka kabatini, Asnath alilishika mbele ya karatasi nyeupe dirishani. Manjano yalikuwepo, hafifu mno, mtu mwingine asingeyaona. Akadondoshea maji ya wanga. Buluu ikatanda, na shaka ikaisha.

Eliufoo alikuwa mlangoni, matope hadi magotini. Akauliza kuna nini, naye akamweleza.

"Kidogo tu, dada," Eliufoo akasema kwa sauti ya chini. "Umesema mwenyewe ni kidogo. Mwambie daktari ni safi, mke wangu alale."

Asnath aliliweka bomba mezani. Alijua kwamba neno lake moja lingetosha, kwa kuwa hakuna ambaye angeipima dawa tena. Alijua pia maana ya kuivutisha etha ile kwenye kifua ambacho tayari kilikuwa kinakwaruza. Akapita pembeni ya mdogo wake, akaenda kumwambia daktari kwamba peroksaidi ipo, kidogo, lakini ipo.

Daktari Chande alifungua kabati la dawa. Kisha akasema watatumia ganzi ya sindano, ile kidogo iliyobaki, na Raheli atakuwa macho.

Ganzi haikutosha. Asnath alisimama kichwani pa wifi yake, akamshika mikono yote miwili, na kila kisu kilipozama zaidi aliziona kucha za Raheli zikiingia kwenye ngozi yake. Raheli alimwita mama yake kwa Chasu, lugha ya Wapare, kisha akaacha kuita, akabaki kumkazia macho Asnath tu. Mtoto wa kike alitoka akiwa wa buluu. Wakampangusa, wakampuliza hewa, akalia.

Mama na mtoto walipona. Lakini Raheli, aliyekwisha kusikia habari ya etha kwa mumewe, alipotoka wodini hakukanyaga tena nyumbani kwa Asnath. Kwenye misiba walikaa mikeka tofauti, na Eliufoo alikuja kumtembelea dada yake peke yake.

Miaka kadhaa baadaye, mama yao Asnath na Eliufoo alipofariki, Asnath na Raheli walijikuta jikoni wakichambua mchele wa matanga kwenye ungo mmoja.

"Wifi," Raheli alisema bila kuinua uso, "ile dawa ingeniua kweli?"

Asnath angeweza kusema ndiyo. "Sijui," akajibu. "Huenda ungelala, ukaamka salama. Huenda kifua kingejaa. Rangi ilinionyesha kwamba ina sumu, haikunionyesha wewe ungefanywa nini."

Raheli akaokota chuya, akazitupa kando.

"Mimi bado nakisikia kile kisu," akasema.

Asnath akaitikia kwamba anajua. Raheli akausogeza ungo katikati yao, wakaendelea.