Gobori Lililopakwa Rangi ya Viatu

Kijana anayepiga viatu rangi pale sokoni Kasikeu ameshanichoka. Kila siku ya soko nikipita kwenda kwa magunia yangu ya ndengu huniita, "Mathe, hivyo viatu vinalia!" Nami humjibu aviache vilie, labda vimefiwa. Wenzake hucheka, naye hufungua kikopo chake cha rangi nyeusi ili anishawishi kwa harufu. Hajui kwamba harufu hiyo ndiyo inayonifukuza. Ikinipanda puani tu, mimi si mama wa ndengu tena. Ni msichana wa miaka kumi na mmoja, nimekalia kinu kilichopinduliwa kule vilimani karibu na Mbumbuni, nina kipande cha msasa mkononi, na ninafurahi kama mjinga.

Wewe tunajuana siku nyingi, kwa hiyo nitakuambia. Yule kijana simwambii, maana vijana wa leo wanaabudu vitu ving'aavyo, na mimi kitu king'aacho nakidharau. Nikiona mtu anang'aa kuanzia kichwani mpaka viatuni, najiuliza amekwangua nini.

Nililelewa na Susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Baba yangu alikuwa na kibarua Mombasa, tukimwona Krismasi kama mvua ya mwisho wa mwaka, na mara nyingine kama hiyo mvua hatukumwona. Nyumbani kwa Susu siku ilianza na mlio wa mchi kwenye kinu, mahindi yakikobolewa kuwa muthokoi, kanga wakipiga kelele vichakani. Kazi yangu ilikuwa maji. Nilishuka na kibuyu mpaka shamba letu la mtoni, nikachimba mchanga kwa mikono mpaka maji yakaanza kujikusanya, nikayateka polepole nisiyachafue. Mto wetu ulikuwa wa mchanga mwaka mzima, ila chini yake haukukauka hata siku moja. Kandokando yake Susu alipanda miwa, viazi vitamu na kunde. Mwaka wa njaa, wengine walipokula mizizi, sisi tulikula kunde.

Juu ya meko yake, kwenye dari, kati ya mahindi ya mbegu, kulikuwa na gobori la babu. Bunduki ya zamani ile, ya kushindiliwa baruti kwa mdomo, ndefu kuliko mimi. Babu alikuwa amekufa nisimjue, na gobori lenyewe lilikuwa limekufa kabla yake. Jino lake la kuwashia baruti lilikuwa limekatika, na nyigu walikuwa wamejenga nyumba za udongo ndani ya mtutu. Wanaume wa ukoo wetu walijisifu nalo kwenye pombe, ati babu aliwahi kuua ndovu kwa risasi moja. Upuuzi mtupu. Susu alisema babu aliwahi kuua mbuzi wa mtu, akalipa.

Thamani ya gobori lile haikuwa kwenye mtutu. Ilikuwa kwenye kitako cha mti, ambapo palikuwa na alama mbili zilizochongwa kwa kisu. Moja ilikuwa ya ukoo wetu, ile tuliyotia kwenye mizinga ya nyuki na kwenye mishale. Ya pili ilikuwa ya ukoo wa jirani. Babu alipolinunua shamba la mtoni kwa mbuzi, baba yake jirani alichukua kisu chake na kuchonga alama ya ukoo wake kando ya ile ya babu, mbele ya watu, kuonyesha kwamba ametoa na ameridhika. Karatasi hazikuwepo. "Mlango huliwa na mchwa, mbuzi hufa, na shahidi hulewa," Susu aliniambia. "Mti uliokaa moshini hauguswi na kitu." Aliniambia mimi kwa sababu mimi ndiye niliyelala kwake. Wanawe hawakuwahi kuuliza. Walikuwa na ndovu wao wa kusimulia.

Kisha ikaja habari ya kupimwa mashamba. Wazee wa kamati wangepita kila boma, waamue mpaka, na baada yao waje wapimaji na minyororo yao. Jirani, ambaye kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo kwa sauti ya kutetemesha mabati, akaanza kusema ati shamba la mtoni baba yake alituazima tu. Mtu aliyeomba sala ndefu mpaka watoto wakalala! Mashahidi wa siku ile ya kisu wote walikuwa kaburini, isipokuwa mmoja ambaye kwa chupa moja angeapa kwamba mto wenyewe ni wake. Tukabaki na gobori.

Susu akaliteremsha. Hakutaka liwe zuri, alitaka tu lifike mbele ya wazee bila kumeguka mikononi, maana kutu ilikuwa imekula chuma mpaka kikawa na magamba. Asubuhi alichokonoa udongo wa nyigu kwa kijiti, akachemsha maji na kuyamimina mtutuni. Yakatoka meusi, yananuka yai bovu, ile baruti ya zamani iliyokaa humo miaka yote. Tukarudia mpaka yakatoka karibu meupe. Kisha akaloweka ukwaju, tukaupaka kwenye chuma na kuuacha uilegeze kutu, halafu tukasugua kwa nyuzi za katani na jivu. Mwisho akatia mafuta ya mbarika kwenye kitambaa, akakifunga kwenye kamba na kukivuta ndani ya mtutu, huku na huku. Kazi ya siku nne. Mti hakuugusa. Aliupangusa vumbi kwa kiganja, basi.

Siku ya tano ikaja habari kwamba dada yake kule Kathonzweni ni mgonjwa. Akafunga kiondo chake. Mlangoni akaniambia nipake mafuta kwenye chuma kila asubuhi mpaka arudi. Akaongeza, "Baba yako mdogo akija, mwambie mti usiguswe. Umesikia? Mwambie." Nikaitikia.

Sasa baba yangu mdogo. Ningekuwa na mate ya kutosha ningemaliza hadithi hapa kwa kutema. Alikuwa mchongaji, mmoja wa wale wa kando ya barabara ya Mombasa waliochonga twiga kwa ajili ya Wazungu. Alichonga mti mweupe wa bure kabisa, akaupiga msasa, akaupaka rangi ya viatu mara tatu, kisha akaapa mbele ya Mungu na mtalii kwamba ni mpingo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, naye alitembeza twiga wake kutoka basi moja hadi lingine. Hata kijiko cha nyumbani kwake kilikuwa na shingo ya twiga. Hakuweza kuona mti akauacha ukae.

Alipoliona gobori limelala kwenye ngozi uani, alilizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama daktari. "Hii mkipeleka hivi, chifu atasema ni silaha na atachukua," akasema. "Lakini ikiwa imeng'aa, ikiwa iko na kitu kidogo ya kupendeza, watasema ni pambo." Nataka uone ujinga ulivyo. Ulikuwa na miguu na ulitembea vizuri.

Akanikalisha kwenye kinu. Akanipa kipande cha msasa, na gobori akaliweka kwenye mapaja yangu. Nilipaswa kusema. Neno lilikuwa kinywani, halikuwa zito. Badala yake nikaanza kusugua pembeni, mbali na alama, nikijiambia nitasema baadaye kidogo. Naye akainama, akapitisha kidole, akasema, "Wewe kasichana, uko na mkono ya fundi."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Kwetu mkono wa msichana ulisifiwa kwa maji na kuni, na hata hapo haukusifiwa. Wachongaji walikuwa wanaume, na mtoto wa kike akishika tezo alinyang'anywa. Nikasugua kwa nguvu zaidi. Masizi ya moshi yakatoka, mti wa chini ukatokea, mwekundu, laini, mzuri wa ajabu. Nilipofika kwenye alama nikasimama. "Na hizi?" nikamwuliza. "Hizo ni mikwaruzo," akasema, bila hata kugeuka, alikuwa akinoa kisu. Yeye hakujua. Mimi nilijua. Nikazisugua mpaka kidole changu kikapita juu yake bila kuhisi kitu.

Yeye akachonga simba upande wa pili. Simba mwenye uso wa mbuzi aliyeudhika. Halafu tukapaka rangi ya viatu, mara tatu, tukasugua kwa kitambaa cha sufu, na gobori likang'aa hata ungejitazama meno.

Susu alirudi baada ya siku tatu, vumbi mpaka magotini. Hakupiga kelele. Alilichukua, akaligeuza, akapitisha dole gumba pale mahali, akalipitisha tena. Kisha akaniuliza mimi, si yeye, "Ulimwambia nilichosema?"

Nikasema, "Nilimwambia, Susu."

Baba mdogo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Aliniangalia. Nilingoja aseme huyu mtoto ni mwongo, na angesema nisingeweza kubisha, maana machozi yalikuwa tayari. Akainamisha kichwa, akasema, "Ni kweli, mama. Nilisahau." Baadaye, alipoelezwa alama zilikuwa nini, akakimbilia kisu na kusema atazichonga upya, hata shetani hatajua. Susu akamjibu kwa sauti ya chini, "Mkono uliotoa shamba ndio uliochonga. Wako umetoa nini?" Kisu akakirudisha.

Wazee walikaa pale pale mtoni, kwenye miamba. Walipokezana gobori. Wote walitafuta alama, hakuna aliyeiona, lakini hakuna aliyeacha kumpapasa simba. Mmoja, mzee wa kanisa mwenye koti zito kwenye jua lile, alimwuliza baba mdogo kama anaweza kumchongea bakora ya namna hiyo. Hao ndio waliokuwa wakiamua tutakunywa wapi. Susu akaonyesha kwa dole gumba, "Zilikuwa hapa." Jirani akainama, akatazama kwa heshima zote, akasema, "Mama, mimi naona simba tu." Wazee wakacheka. Kabla ya saa sita walikuwa wamepanda mkonge wa mpaka, na shamba la mtoni lilikuwa upande wa pili.

Gobori baba mdogo alimwuzia Mzungu mmoja barabarani, akamnunulia Susu punda wa kubeba maji, kwa kuwa sasa tulikwenda mbali. Punda mwenyewe alikuwa mvivu, na mimi nilihakikisha kila mtu anajua. Kijiji chote kilimbandika baba mdogo jina la Simba. Aliyeambiwa na mama yake, akakaidi. Wanawake waliwaonya watoto wao kwa mfano wake, asiyesikia la mkuu. Na katika kumcheka nilikuwa wa kwanza. Nilimcheka nikiwa msichana, nikamcheka nikiwa nimeolewa, nikamcheka kwenye harusi na matanga. Yeye alicheka pamoja nasi, akijifuta mikono kwenye suruali. Susu alikufa bila kumwomba maji tena hata kikombe kimoja kwa mkono wake. Aliyapokea kutoka kwangu.

Siku hizi hata mto haupo. Malori yamechota mchanga mpaka mwamba umebaki uchi, na ukichimba kwa mikono hupati ila kucha kuvunjika. Watoto wa jirani wananunua maji kama sisi. Boma la Susu ni kichaka. Mchi hausikiki, muthokoi unanunuliwa umeshakobolewa kwenye pakiti, na sijui mtu aliye hai anayeweza kukuonyesha alama ya ukoo wake ni ipi.

Baba mdogo tulimzika mwaka uliopita. Nikaombwa niseme machache kwa niaba ya watoto wa kaka zake, kwa kuwa nina mdomo, wote wanajua. Nikashika kipaza sauti, nikasimulia gobori. Nikasimulia simba wa uso wa mbuzi. Nikasema aliambiwa, hakusikia. Watu wakacheka mpaka mchungaji akavua miwani kujifuta macho.

Wakati wa chakula mjane wake alinifuata nilipoketi, akanipa kikombe cha chai kwa mikono miwili, kama mgeni. "Mimi nilitaka kukuuliza kitu juu ya hilo gobori miaka mingi," akasema. "Yeye alinikataza. Alisema ulikuwa mtoto, na ulikuwa umefurahi sana na ile kazi." Akaenda kuwapa wengine.

Niliiweka chai yangu chini bila kuinywa, mimi ninayeogopwa sokoni kwa maneno. Nimewadharau watu wengi maishani mwangu, lakini sijawahi kumdharau mtu kama nilivyojidharau saa ile, na hata leo sijaacha.