Siku baba yangu, mchonga twiga, alipomwona twiga

Wakuu, wakubwa shikamooni, vijana niaje. Nina kisa cha kwetu Kaloleni, Nairobi, miaka ya sabini. Sijatia chumvi. Dadangu yuko humu, nikidanganya ataniumbua.

Baba alikuwa mchongaji, Mkamba wa Machakos. Karakana yake ilikuwa Majengo, na alichonga twiga wa kuuziwa watalii, basi.

Mtaani karibu kila nyumba ilikuwa na twiga wa baba. Hata mke wa pasta alikuwa naye, juu ya redio.

Jambo moja alilijua mama peke yake: mzee hakuwa amewahi kumwona twiga. Alijifunza kwa kunakili twiga wa mwalimu wake. (Msicheke. Wangapi mnaishi Nairobi na mbugani hamjaingia?)

Likizo ya Agosti, kwaya ya kanisa ikakodi basi kwenda mbuga ya Nairobi. Baba akasingizia mgongo. Mama akamwambia mgongo utapona huko huko.

Ndani ya basi wakamketisha mbele karibu na dereva, eti ndiye expert wetu. Punda milia akipita, anaulizwa yeye. Nyati, yeye. Alijibu vizuri tu, nami nikajiona binti wa chifu.

Kisha twiga akatoka vichakani, akavuka barabara mbele yetu, taratibu.

Mke wa pasta ndiye aliyegundua. Twiga wa baba walichongwa wakitembea kama ng'ombe, mguu wa mbele wa kulia pamoja na wa nyuma wa kushoto. Huyu alipeleka miguu miwili ya upande mmoja pamoja, halafu miwili ya upande wa pili.

Akauliza, bila ubaya wowote, "Baba Mwende, mbona wangu hatembei hivi?"

Wakuu, niliona aibu. Nilimwombea baba aseme huyo twiga ni mgonjwa.

Baba akavua kofia. "Mama, huyu ndiye wa kwanza kumwona akiwa hai. Wako nilimkosea."

Akamgeukia dereva. "Ndugu yangu, tusiondoke kwanza."

Sasa elewa, kwaya ilikuja kuona simba. Wiki nzima gumzo lilikuwa simba. Lakini hakuna aliyenung'unika. Tulikaa pale tukila mandazi, baba akichungulia dirishani, vidole vyake vikitembea juu ya goti, viwili, viwili, mpaka saa ya kufunga geti ikakaribia.

Simba hatukumwona.

Wiki iliyofuata akachonga twiga wa kweli, anayetembea kama yule wa mbugani. Mnunuzi wake wa town akamrudishia, akasema anaonekana anataka kuanguka, watalii hawatamtaka. Baba hakubishana. Akarudia wale wa zamani, na hao ndio walionisomesha.

Ila kila Krismasi alichonga mmoja wa kweli, akampa mtu bure. Mke wa pasta alipata wa kwanza. Mzee amefariki bila kuuza hata mmoja wa hao.

Nilichojifunza: kutojua si aibu, aibu ni kukataa kutazama. Mimi ni mwalimu, na mwanafunzi akinibana nasema sijui, ngoja tuangalie pamoja. Hilo nimelirithi kwake.

Karibuni mchangie. Na kama kwenu kuna twiga wa mti, nendeni mkaangalie miguu. Ikiwa ya upande mmoja inaenda pamoja, nawaomba msimuuze.