Kipande cha Sikio Langu

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipoambiwa kidonda changu cha sikioni ni kansa ya ngozi, na swali la kwanza lililonitoka lilikuwa la kijinga: kwa ndani kikoje? Daktari alicheka kidogo, akasema akishakikata atanionyesha.

Mama hakucheka. Nimezaliwa na ualbino, na kijijini kwetu, nje ya Bariadi, wapo walioamini kiungo cha mtu kama mimi huleta utajiri. Tangu utotoni mama ndiye aliyeninyoa, na nywele alizichoma mwenyewe, zote.

Ganzi ni kitu cha ajabu. Nilisikia mkasi ukikata sikio langu kama fundi anayekata kitenge, na maumivu hakuna. Kisha nikaonyeshwa. Kipande chenyewe hakikufika ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Nikakikodolea macho nikijiuliza nani angetajirika kwa kitu kile, na hasira zikanipanda.

Daktari akakitia kwenye chupa yenye dawa. Kiende maabara Mwanza, alisema.

"Nipe mimi, daktari," mama akasema. "Nikakichome nyumbani."

"Tukikichoma, mama, hatutajua kama kansa imetoka yote."

Mama akatikisa kichwa. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli.

"Mayu," nikamwambia mama, "mimi nataka kujua."

Mama akalikaza fundo la khanga yake. "Haya, ng'wanone, mwanangu. Lakini nakipeleka mwenyewe."

Wala haikuwa ajabu, ndugu wengi hubeba chupa za wagonjwa wao. Kesho yake tukapanda basi, chupa mama kaifunga ndani ya khanga na kuipakata. Jirani yetu wa kiti akauliza kama ni asali. Mama akasema ndiyo, ila imeshanunuliwa.

Maabara, kijana aliyetupokea alinyoosha mkono, mama asitoe kitu.

"Mnakifanya nini?"

"Tunakikata vipande vyembamba, tunavitazama kwa hadubini."

"Na mabaki?"

"Yanachomwa, mama."

"Nionyeshe mnapochomea."

Niliona aibu, lakini nikawafuata haraka, maana na mimi nilitaka kupaona. Mama akalikagua tanuri, akalitikisa kufuli, akauliza ufunguo anakaa nao nani. Ndipo akakabidhi chupa kwa mikono miwili. Njia nzima ya kurudi mimi nilikuwa bado nafikiria hadubini.

Majibu yalipofika, daktari alituita wote wawili. Upande wa shavuni kansa ilikuwa bado ipo. Ni kidogo na tumewahi, alisema, ila lazima akate tena. Nilimtazama mama nikijua ataanza upya ubishi wake, na safari hii sikuwa na nguvu za kumjibu.

Aliinama mbele, mikono juu ya meza ya daktari.

"Tafuta chupa kubwa," akasema. "Ukate vya kutosha."