Beki Aliyepiga Magoti

Nilikuwa beki wa kushoto, na goli ambalo watu wa rika langu hapa Bariadi wanalikumbuka mpaka leo lilipatikana kwa sababu ya magoti yangu. Simaanishi kwamba mpira uligonga goti ukaingia wavuni. Hilo lingekuwa bahati mbaya tu, na bahati mbaya watu huisahau. Nikipita stendi hata sasa, mtu mzima mwenye watoto wake anaweza kukunja magoti kidogo mbele yangu, halafu ananitazama usoni aone kama nitacheka. Nacheka, maana nisipocheka ataendelea.

Nilizaliwa Kiloleli. Nilipofaulu kuingia kidato cha kwanza nililetwa Bariadi kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye alikuwa anauza michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga sokoni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na nyumbani kwake tulizungumza Kisukuma. Kiswahili tulikiacha mlangoni pamoja na viatu. Adabu ndiyo kitu alichokijali kuliko vyote. Kwetu mtoto wa kike hamsalimii mkubwa akiwa amesimama wima. Unapiga magoti, unasema mwangaluka kama ni asubuhi au mwadila kama jua limeshapanda, unaulizwa mhola, yaani u salama, unajibu mhola, na hunyanyuki mpaka mkubwa amalize anayotaka kuuliza. Nililijua hilo kabla sijajua kuhesabu.

Mpira nilifundishwa na mwalimu wa michezo, mwanamke aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Alitukuta wasichana wote tunaukimbiza mpira kwa pamoja, kama kuku waliomwagiwa mtama, akatupanga. Mimi aliniweka nyuma kushoto kwa sababu nilikuwa na mbio na nilikuwa mtiifu. Ukiniambia nisimame hapa, nasimama hapa. Sikuwahi kusifiwa kwa kitu chochote shuleni, maana hesabu zilinishinda na Kiingereza ndiyo usiseme, kwa hiyo mwalimu aliposema mbele ya wenzangu kwamba nina miguu mizuri, nilienda na sifa hiyo mpaka nyumbani na sikupata usingizi mapema.

Tatizo lilikuwa bukta. Shangazi aliiona kwenye kamba ya nguo, akaishika kwa vidole viwili, akauliza ni ya nani. Nikamwambia. Wakati huohuo ulikuja msiba Kiloleli, naye akalazimika kusafiri. Akiwa anafunga mzigo wake alisema, "Hiyo mechi yenu moja nenda ukacheze. Nikirudi nitakupa jibu. Nikisema basi, ni basi." Nikajua kwamba jibu ni basi. Shangazi hakuwahi kurudi kutoka msibani akiwa na roho ya kuruhusu mambo.

Mechi hiyo moja ilikuwa dhidi ya shule ya wasichana kutoka Maswa, kwenye uwanja wetu. Watu walikuwa wengi, maana ilikuwa siku ya mnada na waliokuwa wanarudi na ng'ombe walisimama kuangalia. Tulikuwa hatujafungana. Mwalimu alikuwa ametufundisha ujanja mmoja tu wa mabeki, nao ulikuwa ukitufaa sana: akipiga kelele "Pandeni!" sisi wanne tunakimbia mbele kwa pamoja, na washambuliaji wa Maswa wanabaki peke yao nyuma yetu, wameotea, refa anapuliza filimbi. Tulikuwa tumewaotesha mara nyingi hivi kwamba kocha wao alikuwa amekaa chini.

Mpira ulikuwa mbali, upande wa kulia. Mimi nilikuwa karibu na kibendera cha kona ya upande wetu, nafunga kamba ya kiatu. Ndipo nikasikia jina langu likiitwa kwa sauti ya chini, sauti ya nyumbani. Shangazi alikuwa ameshuka kwenye basi akakatiza uwanjani na mzigo wake kichwani, kama watu wote wanavyokatiza pale, na sasa amesimama pembeni ya mstari ananitazama. Sikuwa nimemwona tangu aondoke, na alikuwa anatoka kuzika.

Sikuamua. Natamani ningeweza kusema niliamua, maana mtu aliyeamua anaweza kujitetea. Magoti yenyewe yalikwenda chini, yote mawili, nikasema, "Mwadila, shangazi." Akaitikia, akauliza, "Mhola?" Nikasema mhola. Akauliza kama maji ya nyumbani yalikuwa yakitoka.

Nyuma yangu mwalimu akapiga kelele, "Pandeni!" Wenzangu watatu wakapanda. Mshambuliaji wa Maswa akabaki peke yake na golikipa wetu, akapewa mpira, na wenzangu wote wakainua mikono juu kumwonyesha refa kwamba ameotea. Refa alikuwa ameshaiweka filimbi mdomoni. Lakini mshika kibendera alikuwa ananitazama mimi, nimepiga magoti kule nyuma karibu na kona, nikihalalisha kila kitu: beki akibaki nyuma ya mshambuliaji, hakuna kuotea. Hakuinua kibendera. Yule msichana aliutembeza mpira mpaka wavuni, nami bado nilikuwa najibu habari za maji.

Kwanza hakuna aliyeelewa. Halafu mtu mmoja akaelewa, akawaeleza wa jirani yake, na kicheko kikauzunguka uwanja mzima mpaka kwa wale wenye ng'ombe. Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Niliinuka nikiwa na vumbi magotini, nikatamani ardhi ipasuke. Shangazi aliwatazama wale watu, akanitazama mimi, akaweka mzigo wake sawa kichwani akaenda zake nyumbani. Tulifungwa goli hilohilo moja.

Nilirudi jioni nikijua mpira wangu umeisha, na kwa kweli nilikuwa nautaka uishe. Nikamkuta shangazi anakoroga ugali, uso umekunjuka. "Nilikwenda nikiwa na neno moja," alisema. "Nilisema huo mpira utamharibu mtoto. Lakini mtoto anayepiga magoti mbele ya watu wote wale, tena akiwa na bukta, huyo hata umvalishe nini haharibiki. Cheza."

Hakujua. Alidhani watu walicheka kwa furaha ya kuona mtoto mwenye adabu. Ningemwambia nini? Nilisema asante, shangazi, nikanawa mikono nikala.

Kuanzia hapo nikawa na aibu mbili. Shuleni waliniita Shikamoo. Nikigusa mpira mazoezini, upande mzima wa pili unapiga magoti. Mwalimu aliniweka benchi, hakunikaripia, alisema tu kwa Kiswahili chake cha Tanga, "Mazoea yana taabu, mwanangu," jambo lililoniuma kuliko matusi. Na huko sokoni shangazi alikuwa anamsimulia kila mnunuzi wa michembe. "Huyu wangu," anasema, na mimi nimesimama pale na kikapu, "huyu alinisalimu uwanjani, watu wakashangilia." Wanunuzi wengine walikuwepo siku ile. Walikuwa wakinitazama kwa pembeni na kufunga midomo yao, kwa heshima ya mama mtu mzima, na mimi nilikuwa nahesabu karanga zisizohitaji kuhesabiwa. Nilimchukia kidogo kila aliposimulia. Halafu nilijichukia mimi.

Kilichonirudisha uwanjani ni hasira. Nilianza kuwahi mazoezini na kuchelewa kuondoka. Miguu haikuwa shida, shida ilikuwa mdomo. Mwalimu aligundua kwamba mabeki wenzangu walikuwa wa kidato cha nne na cha tatu, mimi wa pili, nami siwezi kumwamuru mkubwa wangu. Mtu akitokea mgongoni mwa beki wa kati, mimi ndiye ninayemwona, na ninachosema ni, "Dada, samahani, naomba uangalie nyuma." Mwalimu alisimamisha mazoezi. "Ukimaliza kuomba tumeshafungwa," alisema. "Humu ndani ya mstari hakuna dada. Kuna jina na kuna neno moja."

Jioni nyingi alinisimamisha katikati ya uwanja mtupu, yeye akiwa golini, nipige kelele mpaka anisikie. "Nyuma! Mtu! Wangu! Panda!" Sauti iligoma. Ilikuwa inatoka mpaka kwenye meno inarudi. Niliona haya hata mbele ya mbuzi waliokuwa wanachungwa pale. Kisha siku moja ilitoka, sauti nene ambayo sikuijua, na yule dada wa kidato cha nne aligeuka bila kufikiri akaondoa mpira. Hakukasirika. Alininyooshea dole gumba. Sijui kama nitaeleweka, lakini ilikuwa kama nimepewa chumba changu mwenyewe kwenye nyumba ambayo nililala sebuleni maisha yangu yote. Nilianza kuona uwanja. Nilijua mpira utakwenda wapi kabla haujapigwa, na nilikuwa nimeshafika. Muhula uliofuata nikarudishwa kwenye kikosi, na mwalimu akasema yeye hatapiga kelele za kupanda tena, nitapiga mimi.

Ndipo shangazi akajua. Alikuwa anasimulia habari yake sokoni, na kijana mmoja wa bodaboda, bila ubaya wowote, akasema, "Kumbe ni wewe, mama? Wewe ndiye uliyewapa Maswa goli." Akamweleza yote: kuotea, kibendera, kicheko.

Niliporudi alikuwa amekaa kwenye kigoda, hajawasha moto. "Siku ile," aliuliza, "walicheka nini?"

"Walifurahi, shangazi."

"Usinidanganye. Nimeshaambiwa."

Nikatazama mafiga yasiyo na moto.

"Kwa hiyo nilikuaibisha," alisema. "Na mimi nimelisimulia soko zima. Nimejianika mwenyewe, na wewe upo, unaniangalia."

Nilipaswa kusema hapana. Neno lenyewe fupi, na mimi nilikuwa nimejifunza kupiga kelele za neno moja. Lakini lingekuwa uongo wa pili, nao ungemwaibisha zaidi. Nilikwenda kuwasha moto. Tangu siku hiyo hakutaja tena mpira, wala kuukataza. Aliifua ile bukta pamoja na sare zangu, akaianika mahali pasipoonekana kutoka barabarani, na sokoni akirudishiwa ile habari na mtu alijifanya ana kazi ya kupanga mafungu.

Mechi ya kuchagua wachezaji wa timu ya mkoa tulicheza na wasichana wa Nyashimo, uwanja uleule. Nililala nikijua kwamba nisipochaguliwa siku hiyo nitabaki kuwa kichekesho cha goli moja mpaka nizeeke. Sikumwomba shangazi aje. Nilimwambia tu ni siku gani, akasema, "Nina michembe ya kuuza."

Nilicheza mechi nzuri kuliko zote nilizowahi kucheza. Nasema hivyo bila kujivuna, maana mabeki hakuna anayewatazama mpaka wakosee, na siku ile hakuna aliyepata sababu ya kunitazama. Niliwapandisha wenzangu mara kwa mara, na kibendera kilipanda nao. Katika kipindi cha pili mpira ulitoka, nami nikangoja urudishwe. Ng'ambo ya barabara, mbali kabisa na mstari, kuna ua wa minyaa. Nyuma ya minyaa alisimama mwanamke amejitanda khanga mpaka puani. Ningemjua shangazi hata angejifunika gunia, kwa jinsi anavyoegemeza uzito mguu mmoja. Alikuwa amejificha ili nisilazimike kumsalimu.

Mpira ulirushwa, nikageuka, nikapiga kelele. Nilijua ananisikia. Mtoto wake wa adabu, anawafokea wakubwa zake kwa majina mbele ya kadamnasi. Niliona haya mpaka masikio yakawaka, na sikuacha, kwa sababu ningeacha tungefungwa. Filimbi ya mwisho ilipolia nilitazama kule kwenye minyaa. Hakukuwa na mtu.

Nilichaguliwa. Niliimbwa, nilibebwa, mwalimu alinishika mabega. Nilitoka pale nikikimbia mpaka nyumbani, na jezi yangu ikiwa bado mwilini.

Shangazi alikuwa anapepeta karanga uani. Pindo la khanga yake lilikuwa limeshikwa na nyasi za kando ya barabara. Akauliza, bila kuinua macho, kama tulicheza. Nikasema tulicheza. Akauliza kama tulishinda. Nikasema tulishinda, na nimechaguliwa.

"Vizuri," alisema.

Nikasogea mbele yake nimsalimu, kama nilivyomsalimu kila jioni tangu nihamie kwake. Kabla magoti hayajagusa chini alininyooshea mkono, haraka, kama anayezuia mtoto asiguse moto. "Acha," alisema. "Simama tu. Umechoka."

Hakuwahi kukataa salamu yangu. Nilibaki nimesimama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba nimemzidi kimo. Sikujua mikono niiweke wapi. Nilisema mwadila nikiwa wima, naye akaitikia huku akitazama ungo, na hakuuliza mhola.